Alama Mbili za Swali la Saba

Taja nchi mbili zinazopakana na Ufaransa.
Mwongozo wa Lusweti, mkuu wa idara, hauna utata:
Uhispania, Ujerumani, Ubelgiji, orodha inateremka
hadi Monako, na chini yake muhuri wa shule.

Kwamboka Ontiri wa Kidato cha Tatu
amejibu: Brazili. Na la pili,
kwa mwandiko ulioinama kama mtu aliyebeba ndoo:
Madagaska, kwa upande wa maji.

Nimecheka peke yangu. Stima imepotea Nakuru nzima,
taa ya simu nimeiegemeza kwenye kikombe.
Kalamu nyekundu ilishaanza kukata
ndipo nikageuza karatasi.

Nyuma amechora Ufaransa.
Si ile ya ukutani, yenye pembe sita kama nati.
Hii ni chumvi iliyomwagika mezani.
Chembe karibu na Ngazija, ameiandika Maore;
chembe kule Reunioni, wanakonunua mkate kwa yuro;
chembe nyingine katika mlango wa Msumbiji, hazina kijiji,
zina bendera, askari wachache, mtambo wa kupimia upepo
na kasa wanaopanda usiku kutaga bila pasipoti.
Kila chembe ameizungushia duara kwa bikari,
maili mia mbili, na maduara yamepandana
mpaka bahari imeota magamba.

Chini yake: "Mwalimu, nchi hii ni ndogo ukiipima kwa miguu.
Jiwe likiwa lako, maji yanalifuata jiwe:
jodari, njia za meli,
na kilicho chini ya sakafu, hata kama hakijachimbwa.
Meli za vita hazizunguki pale kwa kulipenda jiwe."

Nani alimfundisha? Si mimi.
Mimi niliwapa mvinyo, ngano na treni iendayo kasi.

Kisha nikakumbuka anakotoka: Mwariki.
Baba yake, fundi viatu, ana hati
ya ploti ya hamsini kwa mia,
ina namba, ina saini, imelazwa katika nailoni,
na ploti yenyewe iko ziwani, huu mwaka wa sita.
Ziwa lilivimba likala ua wa mbuga,
likala choo, likala mipera miwili,
likabakisha ukingo wa paa, ndege wakatua.
Alipotega wavu juu ya sebule yake
alikamatwa. Maji ni ya mbuga, mzee.
Na ardhi?
Ardhi ni yako, si una hati?

Basi kuna mwenye jiwe anayepewa bahari,
na kuna mwenye ardhi aliyenyang'anywa perege watatu
waliokulia jikoni kwake.

Sitasema Kwamboka ameandika hivyo. Hakuandika.
Ila pembeni kabisa, mbali na maduara yote,
kuna kinukta cha penseli kisicho na jina.
Alikizungushia bikari, kisha akafuta.
Raba imeikwaruza karatasi hadi ikakaribia kutoboka.

Kesho Lusweti ataniuliza mbele ya walimu, hiki ni nini?
Nitamwambia Brazili ni kweli, kati yao kuna mto
na juu ya mto kuna daraja, afungue atlasi.
Kuhusu Madagaska tutabishana. Chai itapoa.

Mbili juu ya mbili, nimeandika,
na nikaandika upya, maana wino ulikuwa hafifu.
Stima imerudi. Friji ya jirani imekohoa.
Nikavuta karatasi iliyofuata:
Uhispania, Ubelgiji.
Sahihi. Sahihi.