Sikio la Kulia

Nianze na hili, nilitoe kifuani:
albamu ya tatu ya Jokofu la Jirani ni kazi bovu.
Walipata studio yenye mazulia,
wakapata na mtu wa kupuliza tarumbeta,
wakapoteza baridi ile ya gereji ya Port Chalmers
iliyomuuma mpiga besi vidole
hadi noti zikatoka zikitetemeka.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa,
na mwenye zulia hamjui mwenye gereji.

Panki? Panki ni dakika kumi na tisa.
Ikifika ishirini na tano, hiyo ni hotuba.
Misumari Mitatu walirekodi yao Jumapili moja,
mvua ikipiga bati, paka wa mtu akilia katika wimbo wa nne,
na sijamsikia bado mpiga gitaa wa roki
aliyemzidi yule paka kwa ukweli.

Indi ni kesi nyingine.
Huimba kana kwamba wameamshwa
watie sahihi ya kifurushi kisicho chao.
Nawapenda. Sina utetezi.

Lakini albamu yangu, ya kuzikwa nayo,
ni *Barua kwa Msoma Mita*, ya Kina Dada Wasio Ndugu.
Miaka ishirini na miwili nimeisifu kwa kimya chake:
besi, ngoma, sauti ya mwanamke kama anayehesabu chenji,
na pale katikati, uwazi,
uwanja mtupu ambapo bendi nyingine yoyote
ingepandisha gitaa kama bendera.
"Hawa," nilimwambia Rewi Paki, "wana adabu ya kunyamaza."
Rewi akakunja uso. "Gitaa lipo. Limejaa tele."
Nikamwita kiziwi.
Tuligombana dukani kwa Glenys, kati ya santuri za mtumba,
tukagombana hadi kwenye harusi yake,
bibi harusi akatukatia keki tumenuniana.

Kisha Juni hii, hospitali,
kijumba cha kioo, kitufe mkononi.
Bi. Ngaire akasema nibonyeze kila nisikiapo mlio.
Kulia, nilibonyeza kama mtoto mwenye kengele ya baiskeli.
Kushoto, nilitulia
nikingoja aanze.
Alikuwa amekwisha kumaliza.

"Uliwahi kusimama karibu na spika?"
Nikacheka.
Mwaka wa tisini na moja, ukumbi chini ya benki iliyofungwa,
kichwa changu kimeegemea spika ya kushoto kama mto,
maana kulia alisimama msichana
ambaye sikuthubutu kusimama karibu naye.
Na miaka yote hii nilidhani
watu wanaokaa kushoto kwangu ni wapole.

Nilirudi nyumbani, upepo wa kusini ukiburura mapipa mtaani.
Nikavaa visikizi kinyume,
cha kushoto kulia, cha kulia kushoto.
Upande wa pili, wimbo wa kwanza.
Na hilo hapo.
Refu, chafu, lenye kutu,
likikwaruza kama ufunguo usio wa kitasa hiki,
limejilaza palepale kwenye uwanja wangu mtupu,
limekuwepo siku zote
kama mpangaji asiyejulikana na mwenye nyumba.

Nilikaa sakafuni mpaka sindano
ikawa inazunguka bila wimbo.

Saa tano usiku nikampigia Rewi. Ana mjukuu mchanga, si saa ya kumpigia.
"Lipo," nikasema.
Kimya. Kisha kicheko, kirefu,
chote kikamiminika kwenye sikio zima.
"Enhe? Unalionaje?"

Mtu ana heshima yake ya kulinda,
ana na sikio moja la kulitii.
Nikamwambia kweli tupu:
ni zuri, Rewi. Ni zuri mno.
Na walipaswa kulifuta.