Cheti cha Miaka Mitatu

Saa kumi na mbili kasoro, alfajiri ya Doncaster.
Nimetoka ghalani na vumbi la maboksi puani,
miguu imevimba ndani ya buti.
Sijavua koti. Nimewasha birika, nimewasha kompyuta,
na birika, kama kawaida, ndilo limetangulia kuamka.

Mezani vipeperushi vitatu, nimevikandamiza na kopo la sukari:
mitandao, usalama, wingu.
Kila kimoja kina picha ya kijana mwenye meno
anayecheka na kioo cha kompyuta.
Mimi sijawahi kucheka na kompyuta.
Nimewahi kuitukana, kwa Kidigo, ikanielewa.

Binamu yangu Mbaruku yuko Toronto,
ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba:
"Wingu, dada! Pesa yote imehamia kwenye wingu."
Mbaruku, mimi naitwa Mwanamvua.
Nilizaliwa wiki ambayo mafuriko yalibeba choo cha jirani.
Mawingu nazijua tabia zake.
Hapa yamekaa juu ya paa tangu Oktoba
na hayajanilipa hata senti.

Tomasz wa zamu yetu anasema usalama:
wezi hawaishi, basi na kazi haiishi.
Ametazama video arobaini, sasa anapita ghalani
akikagua kila mlango kama unamdai.
Mtihani wake unakula zamu nne.
Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi,
zamu nne, toa nauli, toa ada ya mdogo wangu Korogwe,
bahasha ikaisha kabla ya hesabu.
Ukianguka, hawarudishi.
Ukipita, furahi, ila usizoee:
baada ya miaka mitatu cheti kinakufa.

Hapo ndipo nilipokwama.
Cheti cha mama cha ualimu, daraja la tatu A,
kiko ukutani Muheza.
Mchwa wamekula pembe moja ya fremu,
muhuri bado unasomeka.
Mama amestaafu, cheti hakijastaafu;
hata muuza mkaa anamwita mwalimu.
Nitamwambiaje nimenunua karatasi
inayochacha kama maziwa,
na wala si karatasi, ni kiungo ndani ya baruapepe?

Jumamosi nikamuuliza Maureen wa maktaba,
yule anayewafundisha wazee wapi wasibonyeze.
Hakunipa jibu. Alinipa kompyuta iliyokufa
na bisibisi,
akaenda zake kunywa chai.
Nikafungua. Feni imejaa manyoya ya paka.
Kijiti cha kumbukumbu kimelegea kama jino la mtoto.
Nikakisukuma, kikasema tik.
Ikawaka.
Sijui kama ni mimi niliyepiga kelele;
bwana mmoja alishusha gazeti.

Basi nimechagua cha chini kabisa,
kile ambacho Mbaruku anakiita cha watoto:
cha nyaya, printa, nywila zilizosahauliwa,
cha mtu anayeitwa kitu kikigoma.
Hakina kipeperushi. Maureen aliniandikia jina lake
nyuma ya risiti ya biskuti.
Mtihani wa kwanza zamu mbili, wa pili tutaona.
Nacho kitakufa, ndiyo.
Hata baiskeli ya mama ilikatiwa leseni kila mwaka
na hakuna aliyesema mwalimu hajui kuendesha.

Alhamisi, Sheffield, ghorofa ya juu ya duka la mazulia.
Vua saa. Geuza mifuko.
Mifuko imetoa tiketi ya treni, peremende,
kipande cha utepe wa ghalani.
Msimamizi, mama mwenye mafua,
ananiomba nisogeze ushungi ayaone masikio;
ananiomba radhi kabla sijausogeza.
"Jina?"
Analiandika vibaya. Namsahihisha, herufi kwa herufi,
mpaka mvua ikae ndani ya jina.

Kiti namba kumi na moja.
Kioo kinauliza kama niko tayari.
Bado napangusa miwani.