Safu ya Mengineyo

Felgueiras, Ureno. Kiwanda cha viatu
nyuma ya kituo cha zimamoto,
wafanyakazi thelathini na wanane
na harufu ya gundi isiyotoka kwenye nywele.

Mimi ndiye niliyeletwa kuhamisha madaftari.
Kumi na moja, majalada ya kijani,
mwandiko wa Deolinda, mtunza ghala,
herufi zimelala upande kama majani baada ya mvua.
Mali bila daftari hupotea bila habari,
lakini hapa habari zilijaa tele
na mali ikapotea vile vile.

Ngozi ilifika wiki moja baada ya soli.
Soli zilifika mara mbili.
Fundi wa visigino alikaa juu ya kreti akitafuna kucha,
na mteja wa Bergen akipiga simu, akipiga simu.

Mfumo ukawashwa Jumatatu.
Oda ikiingia, ghala linajua;
ghala likijua, mkataji anajua,
na ngozi inaagizwa kabla haijakosekana.
Si muujiza. Ni watu kuacha kuulizana
jambo lile lile mara nne.

Ila Deolinda alisimama nyuma yangu:
"Hii umeiacha."
Alama ya msalaba pembeni ya jina.
"Huyu hulipa baada ya Pasaka. Sikuzote."
"Na hii?"
"Mguu wake wa kushoto ni mdogo kuliko wa kulia."
Mfumo haukuwa na kisanduku cha mguu.
Nikatengeneza safu, nikaiita Mengineyo,
droo ya jikoni, ya nyuzi na misumari
na funguo zisizo na kufuli.

Mwezi wa Mei bwana Adérito akatuita.
Alishaamua: kandambili za bei poa, maelfu kwa maelfu,
tupambane na makontena ya bandarini.
Alitaka mfumo umwambie ndiyo.

Nikaufungua mwaka mzima mbele yake.
Kandambili tulizojaribu kiangazi kilichopita:
faida, senti kumi na moja kwa jozi;
hasara ya zilizorudishwa, senti kumi na tisa.
Kimya.
Kisha Deolinda, kwa kidole:
"Panga kwa Mengineyo."

Wakajitokeza. Mia mbili na sita,
waliotuletea viatu vikuukuu tuvibadilishe soli,
kazi tuliyoifanya kwa kuona haya,
baada ya saa, kwa bei ya kahawa.
Mia moja na sabini kati yao
walinunua jozi mpya kabla mwaka haujaisha.

Adérito akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Akasoma tena.
Ule mkakati wake wa kurasa arobaini
akaugeuza kifudifudi,
na mgongoni mwake akaandika neno moja:
soli.

Hatukutajirika. Mashine ya kandambili tuliiuza kwa hasara.
Yule wa Bergen bado hupiga simu,
siku hizi huuliza habari za mvua tu.

Deolinda anastaafu Septemba.
Skrini anaijua kunishinda,
ila kabla ya kuigusa hulamba kidole,
kama anayefunua ukurasa.