Ada ya Mbwa Mzima

Barua ya manispaa ya Lewiston ilifika Januari,
ikakaa kwenye friji siku tisa
chini ya sumaku ya kambakoche.
Jumapili Nabintu akaisoma, penseli mdomoni:
mbwa aliyefanyiwa, dola sita;
mbwa mzima, kumi na moja.
"Aliyefanyiwa nini?"
Akatazama dirisha. Kiswahili chake
kina ugali, kina salamu, kina matusi mawili matatu
aliyookota kwa babake akiendesha gari kwenye barafu.
Neno hili hakina.

Nikamwambia: dume huhasiwa.
Fahali akihasiwa ni maksai,
analima, hagombani na mtu.
Kwa jike, nikasema, na ulimi ukakwama,
kwa jike sina neno la mnyama.
Ninalo letu tu, la wodi ya wazazi:
kufunga kizazi.
Akaliandika pembeni mwa fomu.

Mwaka juzi mbwa jike wa mzee Gagnon
alizaa kumi na mmoja chini ya ngazi,
theluji ikifika madirishani.
Mzee alizunguka jengo zima na sanduku la viazi,
akibisha hodi kwa Kifaransa cha bibi zake,
kilichochacha vizuri kama togwa:
chukueni, mama, chukueni hata wawili.
Tulichukua mmoja. Watatu hawakumaliza wiki.
Kwa hiyo sibishani na sheria.
Nimewahi kuhesabu midomo, kisha nikahesabu sufuria.

Jumamosi gari la daktari lilisimama nyuma ya kanisa.
Tosha hakuwa amekula tangu saa sita usiku;
alililalia bakuli tupu
kama mlinzi wa benki iliyofilisika.
Msichana mwenye glavu za buluu akanipa kalamu.
Sahihi ya mwenye mbwa. Hapa. Na hapa.

Mkono ukasita.
Nyarugusu, baada ya Sifa, mtoto wa saba,
damu ikigoma kukatika,
walileta karatasi kama hii.
Waliipitisha juu yangu kama sahani ya mgeni
mpaka kwa Kashindi, mlangoni.
Akatia sahihi. Alifanya vyema; ningekufa.
Lakini kalamu ile ilipita juu yangu,
naikumbuka: kifuniko kimetafunwa.

"Mama, anauliza kama una swali."
Nilikuwa nayo. Ataumia kiasi gani,
atalala muda gani,
nani atakuwepo akiamka.
Msichana akajibu yote,
polepole, akimtazama mbwa, kisha mimi.
Nikaandika jina langu lote,
mpaka lile la upande wa mama.

Jioni Tosha kavishwa plastiki shingoni kama faneli,
anagonga meza, anagonga mlango wa bafu,
anatutazama kana kwamba sisi ndio tumesogeza nyumba.
Mshono wake ni mfupi kuliko kidole changu cha mwisho.
Wangu si mfupi.
Nimetandika blanketi jikoni, nimelala naye sakafuni.

Jumatatu tutakwenda kwenye dirisha la karani,
tulipe sita, tupewe kibati.
Pale penye "mzima"
nitaweka mkasi, kama wanavyotaka.
Lakini usiku huu, gizani,
namuuliza kama tunavyoulizana kwetu:
Tosha, u mzima?

Mkia unapiga sakafu. Mara mbili.