Mshale Uliolala

Daftari langu halidanganyi. Kila nikitia mafuta pale Donholm
naandika: lita, kilomita, tarehe.
Mwaka jana, kumi na mbili kwa lita.
Julai hii, nane. Nane, na sijabadilisha njia:
Barabara ya Jogoo asubuhi, Barabara ya Jogoo jioni,
Jumapili kanisani, hatua mia tatu.

Gari ni Korola ya zamani, namba zaanza na KAH,
rangi imepauka mgongoni kama blanketi la bweni.
Lakini tangu Desemba halijachemka hata mara moja.
Nilijisifu kazini: mshale wa joto haunyanyuki,
umelala chini kama mtoto aliyeshiba.

Basi nikamtafuta mwizi ndani ya nyumba.
Mumo ana miaka kumi na tisa, anarudi usiku,
na chini ya kitanda chake nilikuta mpira, mita moja hivi.
"Wa kumwagilia sukuma, magunia ya kule paani," akasema.
Nilicheka kicheko kibaya.
Nikamwambia mama yake, kwa sauti ya kupenya mlango:
kikulacho ki nguoni mwako.
Nikanunua kifuniko cha tangi chenye kufuli,
ufunguo nikalala nao.

Nane ikabaki nane.
Mumo akaacha kula mezani.

Grogan, Jumamosi, tope jeusi la oili.
Fundi Masitsa hakugusa boneti.
Kwanza alilizunguka gari akipapasa ringi
kwa mgongo wa kiganja, kama anayepima homa,
akitafuta breki inayoshika bila kuambiwa.
Hakuna. Akalala chini ya tangi, akanusa. Hakuna.
Tairi akazipiga teke: upepo upo.
Ndipo akachomoa plagi, akazipanga juu ya gazeti,
nne, zimejaa masizi makavu
kama tako la sufuria ya matanga.
"Linakula kuliko linavyomeng'enya."

Akawasha injini, ingali baridi.
Akashika bomba la juu la rejeta, akanyamaza,
akanivuta mkono, akauweka pale.
Uvuguvugu. Dakika ya pili tu, uvuguvugu,
na dakika ya ishirini, uvuguvugu uleule.
"Hapa pangekuwa baridi kwanza, halafu ghafla pawake.
Nani alikutolea thamostati?"

Nani.

Salama, barabara ya Mombasa, Desemba,
mvuke ukitoka kwenye boneti,
Mumo kiti cha nyuma na kuku wa nyanya yake magotini,
na mimi nikimfokea fundi wa kando ya njia:
toa, toa chochote kinachozuia maji, lisichemke tena!
Alitoa. Nilimlipa, nikasahau.
Daftari lilisema wazi: tangu Januari.
Nami nililisoma kama hati ya mashtaka ya mtu mwingine.

Masitsa alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
"Mzee, gari lako linadhani ni alfajiri. Kutwa nzima.
Saa sita mchana bado linaomba mafuta ya kuamkia."

Tulinunua nyingine ng'ambo ya barabara,
kidude cha shaba na springi, chaenea kiganjani.
Jioni, foleni ya City Stadium, magari yamesimama,
mshale ukanyanyuka.
Robo. Zaidi ya robo.
Nikashika kitasa cha mlango, tayari kuruka.
Ukafika katikati, ukatulia hapo,
na mimi bado nimeshika kitasa.

Nilipanda hadi paani, kufuli la tangi mfukoni.
Mumo alikuwa ameinama penye magunia,
mpira mdomoni, akivuta maji kutoka kwenye pipa.
Maji yakaja. Akatema. Hakugeuka.

Njia nzima kutoka Grogan nilikuwa na maneno.

"Sukuma imekua," nikasema.

"Unaila tangu Aprili," akajibu.