Zamu ya Usiku, Cheyo

Miaka thelathini na moja nilivaa kofia ya reli
na sikio langu la kushoto lilikuwa mali ya stesheni ya Tabora.
Igalula, Igalula, Tabora anaita.
Malongwe, jibu. Nyahua, jibu.
Sauti zilikuja zimepakwa vumbi,
moja inakohoa, moja inatafuna muhogo,
nami naandika kwa wino wa bluu:
imefika, imeondoka, imechelewa.
Hasa imechelewa.

Nimestaafu. Sikio halijastaafu.
Juu ya bati la nyumba yangu ya Cheyo
nimesimamisha dishi la baa iliyofilisika,
nimelifunga shaba ya mota ya kisima,
na mjukuu wangu Mihayo, fundi wa kompyuta chakavu,
ameniwekea kiooni mstari wa kijani
unaotetema kama mshipa wa shingo ya mtu anayesinzia.
Tunasikiliza wimbi la sentimita ishirini na moja,
linalonong'onwa na haidrojeni kila pembe ya anga.
Mihayo anasema: mwenye akili huko, akitaka kuita,
ataita karibu na hapo.
Palipo na kisima hapakosi nyayo.

Majirani: mzee, umepata nini?
Mvumo.
Mvumo wa nini?
Wa mvumo.
Mke wangu Nyanzala haulizi. Anasema tu
sikio la kulia lilikuwa lake,
na halijatumika, bado jipya.

Julai, saa nane kasoro usiku, mstari ukaruka.
Tak.
Kimya.
Tak.
Nikavaa kofia. Ndiyo, nilivaa kofia.
Hupokei stesheni mpya kichwa wazi.

Nilijua usiku wa pili, sitadanganya.
Nyota huwahi dakika nne kila siku, si garimoshi,
kisha huzama; mpigaji wangu hakuwahi, hakuzama,
na dishi nilipoliinamisha ardhini
akapiga kwa nguvu zaidi.
Nilijua, nikanyamaza
karibu wiki tatu,
nikinywa chai na siri yangu kama mwizi wa asali
anayelamba kidole gizani.

Mihayo ndiye aliyeniumbua. Alishika redio ya mkononi,
tukafuata tak ua kwa ua hadi nyumba ya tatu,
kwa mama Kabula, nyuma ya jiko:
sanduku la mbao, balbu mbili,
kidhibiti joto cha bei ya chini
kinawaka na kuzima juu ya mayai sitini.
Mama Kabula kajifunga khanga kifuani:
Mnatafuta nini saa hizi?
Mihayo, mjinga wangu mpendwa, akasema kweli:
Viumbe.
Wapo, akasema. Wanagonga tangu jioni.
Akachukua yai moja
akaniweka sikioni. La kushoto.

Mwaka wa mafuriko Nyahua ilinyamaza siku mbili.
Niliandika kwenye daftari: hakuna mtu.
Kiberenge kilipofika kilimkuta Lutonja mzima,
uso umevimba kama andazi,
nyuki wamehamia ndani ya sanduku la simu,
naye yuko dirishani, siku mbili, anapaza sauti,
Tabora, Tabora,
kwa mdomo mtupu, kwenye miombo isiyo na waya.
Tangu hapo siandiki hakuna mtu.
Naandika: hajasikika.

Hajasikika, Agosti. Hajasikika, Septemba.
Oktoba radi za mwanzo, dishi nikalishusha,
Novemba nikalipandisha; hajasikika.
Vifaranga wa mama Kabula sasa ni mitetea,
wanachakura chini ya ngazi yangu,
mmoja ana tabia ya kuinua shingo na kutega.

Usiku huu Nyanzala amekuja na kigoda.
Amekaa upande wa kulia, miguu ndani ya blanketi.
Mstari unatetema. Mbwa wa Ipuli wanajibizana.
Zamu inaisha saa ngapi? anauliza.
Namwambia bado
haijaondoka Malongwe.