Tundu la Bakuli

Bwana Morikawa alivua viatu kabla sijamwambia,
akavipanga ncha zikitazama nje,
kama mtu aliyefunzwa zamani
kujua njia ya kutoka kabla hajaingia.

Shohidul bado alikuwa anagombana na ufunguo.
Mlango wa mkunazi, kufuli la juzi kutoka Bahla,
jua la saa nne limeshatukalia utosini.
"Sukuma, halafu vuta," nikamwambia.
"Dada, mwaka wa sita huu nasukuma na kuvuta."

Ndani, ubaridi wa udongo.
Nguzo nne fupi, nene,
zimesimama kama shangazi zangu msibani,
hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukaa.
Nikaanza maneno yangu ya kila siku:
chokaa hii, kibla hii,
mabakuli haya ya Kichina yaliyopachikwa mihrabuni
na mafundi ambao hawakuacha hata jina.
Moja, mawili, matatu, manne, matano.

La sita hakuliuliza kwa mdomo.
Alitia kidole ndani ya tundu
akakizungusha taratibu,
kama daktari wa meno.

Wageni huwaambia: mwizi.
Huguna kidogo, hupiga picha ya tundu,
tunaendelea na falaji, tende, kahawa.
Siku hiyo neno lilinikwama.

Kiingereza chetu, wote wawili, kilikuwa cha kuazima,
kwa hiyo hakikutosha kusema uongo vizuri.
Akatoa simu. Hekalu mlimani,
ukungu umelifunga shingoni,
paa la magome limeota ukijani.
Babu yake aliliezeka, baba yake aliliezeka,
yeye ameliezeka mara mbili.
Ndani mna Budha wa mbao, kafungiwa kabatini.
Hufunguliwa mara moja kila miaka thelathini na mitatu.
"Umemwona?"
Mwaka ulipofika alikuwa juu ya paa,
vijiti vya mianzi vimemjaa mdomoni badala ya misumari.
Alisikia kengele. Alisikia watu chini wakilia.
Mvua ilikuwa inakuja; hakuweza kushuka.
Watakapofungua tena
atakuwa na miaka tisini na mmoja.

"Sasa huwa unainamia nini?"
Akafikiri.
"Mlango."

Shohidul akacheka pale kizingitini.
Kwao Bogura, akasema, matofali ya Mabuddha
yamejaa shambani, watoto wanayafanya wiketi za kriketi,
na bado bibi yake, Mwislamu wa swala tano,
akipita hapo hujifunika kichwa vizuri zaidi.
"Kwa nini?"
"Nani amuulize bibi yangu?"

Basi nisikie na mimi.
Bakuli la sita liko kwetu,
kabati la mama, nyuma ya birika za arusi.
Mvua kubwa ilipopasua ukuta
baba alilibeba kwenye kilemba, "kulihifadhi."
Baba katangulia. Kulihifadhi kumebaki.
Kila Idi tunalila halwa,
na mama, ambaye Kipemba hakijamtoka ulimini,
hunambia: usikwangue kwa kijiko cha chuma,
hicho chombo cha watu.
Cha watu. Kila mwaka anasema hivyo,
kisha analiosha, analirudisha kabatini.

Hayo sikumwambia mgeni.
Alipotoka aliinama kidogo,
sijui kwa mihrabu, sijui kwa tundu.

Alhamisi mama akiwa kalala
nimelitoa, nimelizungusha mtandio,
nimelifunga mkanda wa gari kama mtoto.
Shohidul kafungua kwa mkono mmoja tu,
mara ya kwanza katika miaka sita.
Nikapiga magoti, nikalielekeza bakuli mahali pake.

Tunduni, nyigu.
Kajenga. Vyumba vitatu vya udongo,
viwili vimezibwa, cha tatu anakimalizia,
anaingia na kutoka, mwenyeji kabisa.

Shohidul akanitazama. Nami nikamtazama.
Bakuli mapajani,
tukakaa chini, tukamngoja amalize.